Kupima mtiririko wa damu ndani ya misuli ya mguu kwa mashine ya MRI

Msuli wa tafu la mguu ukiwa umepumzika hauhitaji damu nyingi. Katika kila gramu 100 za nyama yake hupita mililita chache tu kwa dakika, kiasi kisichozidi sana kijiko kimoja cha chai, na mpigaji picha anayeuingiza mguu uliopumzika ndani ya mashine akitaraji kuuona mtiririko huo ataambulia picha iliyojaa chenga. Jambo la kwanza la kushika, na ndilo ambalo mwongozo huu wote umejengwa juu yake, ni kwamba mguu hupimwa wakati unapoidai damu: ama baada ya kuzuiliwa damu kwa dakika chache kisha ikaachiliwa, ama baada ya kufanyishwa kazi. Mguu wa mtu mwenye afya na mguu wa mtu ambaye mishipa yake imeanza kuziba huweza kufanana kabisa ikiwa imelala kitandani, na tofauti yao hujitokeza pale damu inaporudi.

Ninawaandikia wapigaji picha, madaktari na wanafunzi wa afya wa Unguja na Pemba ambao wamezoea kutumia MRI kwa uti wa mgongo, ubongo na magoti, na ambao sasa wanataka kupata namba, si picha tu.

Kipimo hiki kinajibu swali gani

Wagonjwa wetu wa kisukari na wavutaji wa sigara hutujia wakilalamika kwamba wakitembea hatua mia moja au mia mbili tafu linabana, wakisimama linaachia, wakianza tena linabana tena. Kipimo cha kwanza cha malalamiko hayo ni rahisi na hakihitaji mashine kubwa: hupimwa presha ya kifundo cha mguu ikagawanywa kwa presha ya mkono, na uwiano wa 0.90 au chini yake huashiria kwamba mishipa ya mguu imebanwa. Tatizo ni kwamba kwa watu waliokaa na kisukari miaka mingi kuta za mishipa hukakamaa kwa chokaa, mkanda wa presha ukashindwa kuzibana, na uwiano ukatoka mkubwa kuliko hali halisi, pengine ukapita 1.40, hapo ukawa hauwezi kutegemewa tena. Ultrasaundi nayo hutuonyesha damu inavyokwenda ndani ya mshipa mkubwa wa paja au wa nyuma ya goti, lakini kujua kwamba maji yanapita kwenye bomba kuu la majumba ya ghorofa ya Michenzani, Unguja, hakutoshi kukuhakikishia kwamba yamefika jikoni kwa mtu wa ghorofa ya juu. Tunachokitafuta hapa ni damu iliyofika ndani ya nyama yenyewe, na tunaitaja kwa mililita kwa dakika kwa kila gramu 100 za msuli.

Mashine inavyoitambua damu inayoingia

Mwaka 1992 watafiti wa Marekani, wakiwemo John Detre na Donald Williams, walionyesha kwa ubongo wa panya kwamba damu yenyewe inaweza kutiwa alama kwa mawimbi ya redio bila kumdunga mtu dawa yoyote. Njia hiyo ndiyo tunayoitumia mguuni. Protoni za hidrojeni zilizomo ndani ya maji ya damu hujipanga kufuata sumaku ya mashine. Wimbi la redio lenye nguvu inayotakiwa huzipindua juu chini, na damu iliyopinduliwa huwa imebeba alama hiyo mpaka protoni zirejee taratibu katika mpangilio wake. Alama hudumu kwa muda mfupi sana. Katika mashine ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) kipimo cha muda wa damu kurejea ni takriban sekunde 1.65, na katika mashine ya tesla 1.5 ni takriban sekunde 1.35, kwa hiyo kila sekunde unayosubiri bila sababu inafuta sehemu kubwa ya kile ulichokuja kukipima.

Kwa mguu, utaratibu unaofaa zaidi ni ule wa kupiga picha mbili mbili. Katika picha ya kwanza hupinduliwa kile kipande chembamba tu cha mguu kinachopigwa picha, pamoja na ukingo mdogo wa juu na wa chini yake, hivyo damu inayoingia kutoka nje ya kipande huwa haijapinduliwa. Katika picha ya pili hupinduliwa eneo zima linalofikiwa na koili, yaani nyaya za kurusha na kupokea mawimbi ya redio, pamoja na hiyo damu ya njiani. Nyama iliyotulia imetendewa sawasawa mara zote mbili, kwa hiyo ukiitoa picha moja katika nyingine nyama hufutika na kinachobaki ni damu iliyoingia. Tunaiacha njia ya kuitia damu alama juu kule pajani na kuisubiri ifike kwenye tafu, kwa sababu damu ya mguu uliopumzika hutembea polepole na alama huwa imekwishafifia kabla ya kufika, na vilevile kwa sababu pajani tutakuwa tumefunga mkanda wa presha wa kuizuia damu.

Namba zitakuonyesha kwa nini nimeanza kwa kusema mguu usipimwe ukiwa umepumzika tu. Kwa mtiririko wa mililita 3, ukisubiri sekunde 1 katika mashine ya tesla 3, tofauti baina ya zile picha mbili ni takriban sehemu 6 katika 10,000 za ishara kamili ya msuli. Kwa mtiririko wa mililita 40, ambao mguu wenye afya unaweza kuufikia damu inaporudi, tofauti huwa takriban sehemu 80 katika 10,000. Zote mbili ni ndogo, lakini ya pili hushikika, na ya kwanza humezwa na kelele za mashine.

Kumwandaa mtu

Hapa ndipo pa kutumia muda, na ndipo vipimo vingi vinapoharibikia kabla hata kitanda hakijaingia.

Mwambie mtu asinywe kahawa tangu usiku uliotangulia, asivute sigara siku hiyo, na asile chakula kizito kwa saa mbili au tatu kabla ya kipimo. Kwetu kikombe cha kahawa barazani baada ya sala ya alfajiri ni sehemu ya asubuhi, na watu wengi hawakihesabu kuwa ni kitu cha kutajwa, kwa hiyo uliza kwa jina: "Mzee, leo umepita barazani kwa kahawa?" Katika mwezi wa Ramadhani kipimo kinawezekana, lakini mtu aliyefunga hana maji mwilini kama siku nyingine, na matokeo yake yasilinganishwe na ya siku ambayo hakufunga. Ukitaka kumpima mtu mmoja mara mbili, mpe saa ileile ya siku na hali ileile.

Akifika, alale chali kwa dakika 15 hadi 20 kabla ya chochote kupimwa. Mtu aliyetembea kutoka kituo cha daladala ana damu nyingi miguuni, na mtu aliyetoka kwenye jua kali akaingia katika chumba cha mashine chenye baridi hubana mishipa ya ngozi na ya misuli. Mfunike. Kanga ya pamba safi inafaa sana, na kina mama wengi huwa nayo tayari, ila iangalie kwanza kama haina nyuzi zinazong'aa. Nguo zenye zari, na baadhi ya mashungi na mabuibui ya siku hizi, zina nyuzi za madini ambazo hushika joto kwa mawimbi ya redio na zinaweza kumuunguza mtu.

Ukaguzi wa madini ufanywe kwa subira na kwa heshima. Pini za mtandio, kipini cha puani, bangili, vikuku vya mguuni, sarafu zilizofungwa kwenye pindo la kanga, vyote vitolewe. Waulize mafundi wa kuchomelea na mafundi wa vyuma kama waliwahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni, kwani chembe hiyo inaweza kusogezwa na sumaku na kumpofusha mtu. Mwenye jibu la ndiyo apigwe kwanza picha ya eksirei ya macho. Wavuvi waulizwe kama wana kipande cha ndoana kilichobaki mwilini. Mwenye betri ya moyo asiingie mpaka daktari na mtaalamu wa usalama wa mashine wathibitishe kwa maandishi aina ya kifaa chake.

Halafu kuna hirizi. Bibi mmoja aliyenijia na binti yake aliivua kila bangili niliyomuonyesha, akajibu kila swali kwamba hana kitu tena. Nilipokuwa namfunga mkanda wa presha pajani mkono wangu uligusa kikopo kidogo cha bati, kimeshonewa ndani ya kitambaa cheusi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Mwanangu, hii sijaivua tangu nilipomzaa huyu." Nilimjibu, "Bibi, sitaki uiache. Naomba uiweke mkononi mwa binti yako, akae nayo pale mlangoni, na ukitoka tu atakuvisha mwenyewe." Alikubali. Tangu siku ile siulizi tena kama mtu ana "madini"; nauliza kama amevaa hirizi, wapi, na nani aliyekuja naye wa kumshikia. Swali la jumla hupata jibu la jumla.

Kama kazi yenyewe ni utafiti badala ya matibabu, kibali cha maadili kitafutwe mapema kupitia Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, na unapowaita watu kutoka katika shehia yoyote anza kwa sheha, kwa sababu watu huja kwa utulivu zaidi wakijua kwamba sheha wao amearifiwa.

Mkanda wa presha

Unahitaji mkanda mpana wa paja usio na kipande cha madini, bomba refu la plastiki linalopita kwenye tundu maalumu la ukutani, na pampu inayobaki nje, katika chumba cha kuongozea mashine. Pampu isiingizwe ndani hata kwa dakika moja.

Wasifungwe mkanda huu wagonjwa wa selimundu (sikoseli), waliowahi kupata damu iliyoganda ndani ya mishipa ya mguu, waliotiwa bomba dogo la waya la kuupanua mshipa au mshipa wa kupandikiza mguuni, na wenye vidonda vya mguu visivyopona. Mgonjwa wa kisukari ambaye hahisi nyayo zake naye ashauriwe kwanza na daktari wake, kwa sababu maumivu ndiyo kengele yetu, na yeye kengele hiyo haimlii. Watu hawa wapimwe kwa njia ya zoezi nitakayoieleza baadaye, au wasipimwe.

Presha ya mkanda lazima ipite presha ya juu ya mtu huyo kwa kiasi cha kutosha kuizuia damu kabisa. Kwa walio wengi huwekwa baina ya milimita 200 na 250 za zebaki. Ni muhimu mkanda ujae kwa haraka, kwa sekunde chache tu, kwa sababu veni, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, zina presha ndogo na huziba mapema kuliko ateri, mishipa inayoileta. Mkanda ukijaa polepole, damu itaendelea kuingia mguuni ikakosa pa kutokea, na utakuwa umeanza kipimo na mguu uliovimba damu. Kuachilia nako kuwe kwa mara moja. Bomba jembamba na refu huchelewesha hewa kutoka, na kilele cha mtiririko huonekana kimechelewa kana kwamba mgonjwa ana maradhi, kumbe maradhi ni ya bomba. Jaribu vifaa vyako bila mtu: fungia mkanda kwenye ndoo ya plastiki, ujaze, uachilie, na uhesabu sekunde mpaka presha ifike sifuri. Zikizidi mbili, tafuta bomba pana zaidi.

Funga mkanda juu ya ngozi, au juu ya kitambaa chembamba kilichonyooka. Niliwahi kupata mchoro ambao ulionyesha damu inapita katikati ya dakika za kuzuiwa, nikahangaika na mahesabu kwa siku mbili, mpaka nilipokumbuka kwamba yule mzee alikuwa amevaa kikoi na kwamba niliona haya kumwomba akipandishe vizuri. Mkunjo wa kikoi ulikuwa umekaa chini ya mkanda na kuacha upenyo. Siku hizi huwa na shuka ya ziada ya kumsitiri mtu, ili mkanda ukae panapostahili na heshima yake nayo ibaki pale pale.

Liwepo pia vali la kuachilia hewa kwa mkono. Sisi tuliokaa Unguja bila umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 hatuhitaji kuelezwa kwamba umeme unaweza kukatika wakati wowote. Sumaku yenyewe haizimiki umeme ukikatika, kwa kuwa koili zake zimepozwa kwa heliamu na mkondo unaendelea kuzunguka ndani yake, lakini picha husimama, na pampu ya umeme inaweza kufa ikiwa imeushikilia mguu wa mtu. Mafundisho ya kwanza kwa msaidizi wako yawe haya: taa zikizima, fungua vali kwanza, mengine baadaye.

Kuulaza mguu

Mtu aingie miguu mbele, amelala chali. Kisigino kiwekwe juu ya sifongo ili tafu lielee bila kugusa kitanda, kwa sababu uzito wa mguu wenyewe ukilibana tafu huikamua damu kutoka katika msuli ambao unataka kuupima, na upande wa nyuma utaonekana mkavu kuliko ulivyo. Koili ya goti hufaa ikiwa pana vya kutosha. Vinginevyo tumia koili laini ya kuzungushia, usiikaze. Jaza nafasi kwa sifongo pande zote mbili za kifundo, kwani mtikisiko wa milimita mbili unatosha kuiharibu tofauti tunayoitafuta.

Chagua kipande pale tafu liliponona zaidi, pima kwa futi kamba umbali wake kutoka kwenye ukingo wa goti, na uandike. Usipouandika, hutaweza kumpima mtu yuleyule mwezi ujao mahali palepale. Mpe vizibo vya masikio na mpira wa kubonyeza wa dharura, umwambie hasa atakachokihisi: mkanda utabana kwa nguvu, baada ya dakika mbili mguu utaanza kufa ganzi, unaweza kugeuka rangi, na ukiachiliwa atahisi joto na kuchomwachomwa kama sindano. Mtu aliyeelezwa hivyo hutulia. Asiyeelezwa huvuta mguu sekunde ileile damu inaporudi, na sekunde hiyo ndiyo tuliyoijia.

Kuendesha kipimo

Picha za kawaida za kuonyesha umbile la mguu zitangulie, ili baadaye ujue msuli upi ni upi. Kisha panga kipande kimoja chenye unene wa milimita 10, na kipande cha kupinduliwa kiwe kinene zaidi, milimita 20 hadi 30. Tumia upigaji wa kasi unaokamilisha picha nzima kwa mara moja, uzime ishara ya mafuta, na muda wa kusubiri baada ya kupindua uwe karibu na sekunde 1. Picha zikirudiwa kila baada ya sekunde 2, utapata jozi moja, yaani namba moja ya mtiririko, kila sekunde 4.

Anza kurekodi na usisimame mpaka mwisho: dakika 1 au 2 za mapumziko, dakika 5 za kuzuiwa damu, kisha dakika 5 au 6 baada ya kuachilia. Andika saa kamili ya kujaza mkanda na ya kuuachilia. Zungumza na mtu kwa spika kabla ya kuachilia, umwambie, "Mzee, sasa naachia, mguu usiutikise," kisha nyamaza.

Zile dakika 5 za katikati wengi huzichukulia kuwa ni kungoja tu, nami naziona kuwa ni sehemu yenye thamani kubwa. Wakati huo mtiririko wa kweli ni sifuri, kwa hiyo namba zozote utakazozipata ni kelele tupu za mashine na za mtu, na ndizo zitakazokuonyesha ni tofauti ndogo kiasi gani unaweza kuiamini. Wastani wake ukiwa mbali na sifuri, mkanda unavuja au mguu umesogea, na kipimo hicho kirudiwe siku nyingine.

Njia ya zoezi

Kwa asiyefaa kufungwa mkanda, msuli hufanyishwa kazi: mtu akiwa amelala hukanyaga pedali kwa ncha ya wayo kwa dakika mbili au tatu, na picha hupigwa mara anapoacha. Pedali hiyo inaweza kutengenezwa hapahapa. Mwombe seremala aiunge kwa vigingi vya mbao na kamba bila msumari wala skrubu, jambo ambalo haliwezi kuwa gumu katika pwani ambayo wazee wake waliunda mitepe kwa kushona mbao kwa kamba za makumbi. Upinzani utoke kwenye ukanda wa mpira wa mazoezi. Kabla ya kuiingiza, ipitishie sumaku ya mkononi kila upande, na mtaalamu wa usalama aikubali, kwa sababu sumaku ya mkononi haikamati shaba wala alumini, na hizo nazo huweza kupata joto.

Zoezi lina sura yake ya kweli kuliko mkanda, kwani ndilo linalofanana na kupanda mkarafuu au kutembea kwenye mchanga wa mashamba ya mwani wakati maji yametoka. Udhaifu wake ni kwamba watu hawakanyagi kwa nguvu sawa, kwa hiyo hesabu mapigo kwa sauti na uandike ni mangapi.

Kutoka picha hadi namba

Chora mipaka ya kila msuli peke yake: gastroknemio (msuli wa juu wa tafu) ya ndani na ya nje, soleo iliyo chini yao, na msuli wa mbele ya muundi. Iache mishipa mikubwa nje ya mipaka. Hili ni la lazima, kwa kuwa njia yetu huiona damu inayoingia kutoka pande zote, hata ile ya veni inayopanda kutoka unyayoni, na mshipa mmoja uliosahaulika ndani ya mpaka unaweza kuupandisha wastani wa msuli mzima.

Kwa kila jozi, chukua tofauti ya picha mbili uigawe kwa ishara kamili ya msuli ambao haukupinduliwa. Zidisha kwa 0.9, ambacho ni kiwango cha jinsi maji yanavyogawanyika baina ya damu na nyama. Gawa kwa mara mbili ya muda wa kusubiri kwa sekunde. Rudisha kilichofifia njiani kwa kuzidisha kwa namba e (takriban 2.718) iliyopandishwa kwa kipeo cha muda wa kusubiri uliogawanywa kwa 1.65, au kwa 1.35 kama mashine ni ya tesla 1.5. Mwisho zidisha kwa 6,000 ili upate mililita kwa dakika kwa gramu 100. Kwa mfano, tofauti ya 0.008 kwa muda wa sekunde 1 hukupa 0.0072, kisha 0.0036, kisha takriban 0.0066, na mwisho takriban mililita 40. Ukiipata 40 hii kwa kalamu na karatasi, ndipo uiamini programu yako ya kompyuta.

Katika mchoro wa mwisho soma mambo mawili kabla ya mengine: kilele kimefika juu kiasi gani, na kimechukua sekunde ngapi tangu kuachilia. Kwa mtu mwenye mishipa safi kilele huja mapema, ndani ya dakika ya kwanza, kisha hushuka. Kwa mwenye mishipa iliyobanwa kilele huwa kifupi, huchelewa, na mteremko wake hujivuta. Usilinganishe kilele cha soleo cha mtu huyu na kilele cha gastroknemio cha mtu yule, kwa sababu misuli hii haikuumbwa na nyuzi za aina moja wala haipokei damu sawa.

Mashine isiyo na programu ya kutia damu alama

Mashine nyingi za tesla 1.5 hununuliwa bila programu hiyo. Usikate tamaa, kwani kipo kipimo cha karibu nacho. Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha kwamba hemoglobini iliyopoteza oksijeni huvutwa na sumaku, na ile iliyobeba oksijeni haivutwi. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake wakaonyesha kwamba tofauti hiyo huonekana kwenye picha za MRI. Kwa hiyo piga picha za kasi za kawaida, zenye kuhisi tofauti ndogo za sumaku, kwa utaratibu uleule wa mkanda na kwa dakika zilezile. Ishara ya msuli itashuka damu inapozuiwa, itapanda kupita ilipoanzia inapoachiliwa, kisha itarudi. Hutapata mililita, na usiziandike kwenye ripoti kana kwamba umezipata, kwa sababu ishara hiyo huchanganya mtiririko, wingi wa damu na matumizi ya oksijeni. Utapata muda wa kufikia kilele, nao peke yake humsaidia sana daktari.

Katika ripoti andika nguvu ya sumaku, umbali wa kipande kutoka gotini, presha ya mkanda na dakika zake, wastani wa namba za wakati damu ilipozuiwa, kisha kilele na muda wake kwa kila msuli. Hifadhi picha ghafi zote, si ramani ya rangi peke yake, mahali pawili tofauti, na mrudishie bibi hirizi yake kabla hujaanza kuandika.